Kivuli, Mkono na Sauti: Mwongozo wa Kazi ya Sanaa kwa Mwanafunzi wa Salamabila

Mwalimu amewapa kazi ya mwisho wa mwaka: mtengeneze mchoro, sanamu au chochote mnachoweza kuhusu muda, vipimo na mipaka ya mwanadamu. Umerudi nyumbani na maneno matatu makubwa kichwani na kaye tupu mkononi. Hapo wengi huchora saa ya ukutani, wakaongeza fuvu na mlango unaofunguka kwenye nyota, kisha wakaweka jina chini. Niliwahi kusimama mbele ya mchoro kama huo. Kijana alikuwa ameichora saa kwa ustadi hasa, hadi mng'ao wa kioo. Nikamuuliza kwa nini mishale inaonyesha saa nne na dakika kumi. Akainama, akaitazama, akasema ndivyo ilivyokuwa kwenye picha ya tangazo aliyoiiga.

Mkono wake ulikuwa mzuri. Kilichokosekana ni kwamba yeye mwenyewe hakuwa amekutana na muda mahali popote. Mwongozo huu unataka ukutane nao kwanza, uupime, ndipo ushike rangi. Utahitaji fimbo, kamba, kitambaa, udongo, makaa na unga wa muhogo. Utahitaji pia mwaka mzima wa shule, kwa hiyo usiiahirishe kazi hii hadi Mei.

Kwa nini kupima kabla ya kuchora

Muda hauonekani, na mpaka mara nyingi hauonekani pia. Msanii anayevichora kutoka kichwani huishia kuchora alama ambazo wengine walishazichoka. Anayepima hupata umbo ambalo hakulitarajia, na umbo hilo ni lake.

Majirani zetu walilijua hili zamani. Waluba, kusini kwetu upande wa juu wa Lualaba, walikuwa na lukasa: ubao mdogo wa kushika mkononi, uliopigwa shanga na kome. Mtu wa chama cha Mbudye aliyefunzwa kuusoma alipitisha kidole juu yake akasimulia wafalme, safari na mahali patakatifu. Shanga moja ingeweza kuwa mtu, mahali na enzi kwa pamoja. Muda mrefu kabisa uliwekwa ndani ya kitu chenye urefu wa shibiri moja hivi. Tazama picha ya lukasa ukiipata, uone jinsi ilivyo vigumu kusema inaishia wapi kuwa ramani na kuanza kuwa historia.

Karibu zaidi na siku zetu, Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi mwaka 1978, alichukua picha za wafanyakazi wa migodi wa enzi ya Wabelgiji akaziweka juu ya picha alizopiga mwenyewe za viwanda vilivyochakaa vya kampuni ya madini ya Gécamines. Wafu wanasimama kwenye uwanja wa leo, na mtazamaji hahitaji kuelezwa. Bodys Isek Kingelez wa Kinshasa, aliyefariki mwaka 2015, alijenga miji mizima ya karatasi na katoni inayokaa juu ya meza. Wote hao walianza na kitu kimoja kinachoshikika.

Sehemu ya kwanza: muda, kwa fimbo na kivuli

Hii ndiyo sehemu nitakayokaa nayo zaidi, kwa sababu Salamabila ina bahati ambayo Paris haina. Tuko takriban digrii 4 kusini mwa ikweta. Kwa hiyo mara mbili kwa mwaka jua la saa sita hupita juu ya utosi kabisa, na fimbo iliyosimama wima hupoteza kivuli chake. Siku hizo ziko karibu na tarehe 3 Oktoba na tarehe 10 Machi. Mwezi wa Oktoba jua linakuwa safarini kwenda kusini: linafika juu yetu, kesho yake au keshokutwa liko juu ya Kasongo na Kabambare, na karibu na tarehe 8 liko juu ya Unguja. Njia ambayo misafara ya wafanyabiashara kina Tippu Tip iliipita kwa miezi, kivuli hukuhesabia kwa siku tano.

Kati ya Oktoba na Machi kivuli cha saa sita huelekea kaskazini. Miezi mingine huelekea kusini. Watu wazima wengi wameishi hapa miaka yao yote bila kuliona hili, na wewe utawaonyesha.

> Kalenda ya kazi
> Mwisho wa Septemba: kata fimbo, chagua uwanja.
> Tarehe 30 Septemba hadi 6 Oktoba: kivuli kinachopotea. Ni majira ya mvua, mawingu yatakusumbua, ndiyo maana unahitaji siku saba. Ukichelewa kwa siku tatu, kivuli cha saa sita hakizidi upana wa kidole.
> Karibu na tarehe 21 Desemba: kivuli cha kaskazini.
> Tarehe 7 hadi 13 Machi: nafasi ya pili, kwa aliyekosa Oktoba.
> Mwisho wa Mei: kivuli cha kusini. Kilele chake ni tarehe 21 Juni, lakini wakati huo mitihani imekaribia. Ukipima Mei utapungukiwa na upana wa vidole viwili au vitatu tu.

Fanya hivi:

1. Kata fimbo iliyonyooka yenye urefu wa mikono yako miwili, yaani kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, mara mbili. Kwa vijana wengi ni karibu sentimita 90. Andika sentimita zake pia.
2. Tafuta ardhi tambarare isiyopitiwa na mbuzi wala mpira, yenye nafasi ya hatua mbili kila upande wa fimbo. Ifagie.
3. Simika fimbo. Funga jiwe dogo kwenye uzi, uning'inize kando yake pande mbili tofauti. Hiyo ndiyo timazi ya mwashi. Fimbo iliyoinama kidogo tu itakudanganya mwaka mzima.
4. Kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa mchana, kila saa chomeka kijiti kwenye ncha ya kivuli. Vijiti saba kwa siku.
5. Karibu na saa sita usiondoke. Oktoba, kivuli kifupi kabisa huja mnamo saa sita kamili. Machi, mnamo saa sita na dakika 20. Simu yako na jua havikubaliani kwa dakika, na tofauti hiyo unaweza kuiandika kwenye kazi yako.
6. Pima kutoka kwenye fimbo hadi kila kijiti, kwa vidole na kwa sentimita. Chora mahali vilipo kwenye kaye kabla hujaving'oa.
7. Acha mambo mawili yadumu uwanjani: jiwe mahali pa fimbo, na alama ya kaskazini. Kaskazini na kusini ni mstari wa kivuli kifupi kabisa cha Desemba.

Ukiunganisha vijiti vya Desemba utapata mstari uliopinda kuelekea kaskazini. Vya Mei au Juni hupinda kuelekea kusini. Vya Oktoba vinakaribia kunyooka na kupita kwenye mguu wa fimbo. Ukiviweka pamoja, ni kama watu wawili waliopeana mgongo na njia imepita katikati yao. Utaona pia kwamba hawako mbali sawasawa: kwa fimbo ya sentimita 90, kivuli cha saa sita cha Desemba ni kama sentimita 32 na cha Juni kama 47. Tofauti hiyo ndiyo anwani ya Salamabila. Mwanafunzi wa Kindu hatapata mchoro huu, wala wa Lubumbashi.

*Tahadhari:* tazama kivuli, usitazame jua. Hata kwa miwani ya giza, hata mara moja.

Sehemu ya pili: vipimo, kwa mwili wako

Kabla ya mita, vitambaa katika biashara ya bara vilipimwa kwa mwili. Kitambaa cha amerikani kilichofika Maniema kutoka pwani kilihesabiwa kwa mikono: mikono minne ni shuka moja, minane ni doti. Na kila palipopimwa kwa mkono palikuwa na swali: mkono wa nani?

Swali hilo ni kazi ya sanaa tayari. Jipime, kisha mpime mtoto wa darasa la kwanza na mzee mmoja aliyekubali:

- wanda, upana wa kidole;
- shibiri, kidole gumba hadi kidole cha mwisho, kiganja kikiwa kimetandazwa;
- mkono, kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, karibu shibiri mbili;
- pima, ncha ya mkono mmoja hadi mwingine ukiwa umeinyoosha, karibu mikono minne.

Kata kamba tatu za pima moja moja, zining'inize pamoja. Mtoto, wewe, mzee. Pima ya mzee huenda ikawa fupi kuliko ulivyodhani, kwa sababu mabega yake hayanyooki tena. Hapo muda umeingia kwenye kipimo bila wewe kuchora saa.

Sehemu ya tatu: mipaka

Watu wakisikia mpaka hufikiri juu ya barabara na kizuizi. Anza na mipaka unayoibeba mwenyewe.

*Mpaka wa sauti.* Nenda uwanja wa mpira na rafiki, alfajiri. Yeye asimame, wewe urudi nyuma hatua kumi kumi, kila mara ukitaja neno moja kwa sauti ya mazungumzo. Akilisikia anainua mkono. Mkono usipoinuka, hesabu hatua, weka jiwe. Rudieni saa saba mchana. Alfajiri hewa ya chini ni baridi na mji umetulia, sauti hufika mbali zaidi. Utakuwa na mawe mawili ya mpaka uleule. Mpaka umesogea, na umeuona ukisogea.

*Mpaka wa sura.* Ndugu wawili wanaofanana wasimame mbali, mmoja apige hatua mbele. Sogea nyuma hadi usiweze kusema ni yupi.

*Mpaka wa kina.* Hapa ninakuomba unisikilize. Usiingie shimoni. Mwombe mchimbaji anayekufahamu, jirani au mjomba, akuambie shimo lake lina pima ngapi kwenda chini. Mpime pima yake kwa kamba, uihesabu mara nyingi hivyo, kisha ulaze kamba yote uwanjani kwa mstari mmoja. Waite watu waitembee kutoka mwanzo hadi mwisho, kimya. Mama anayeitembea kamba ambayo mwanawe huishuka kila asubuhi hahitaji maelezo ya msanii. Kama ni kazi moja tu utakayoifanya katika mwongozo huu wote, ifanye hii.

> Sanduku la hatari
> Usipime karibu na kambi, kizuizi cha barabara, mgodi wa kampuni au shamba lenye ugomvi. Hapa Salamabila tumeona mapigano kati ya jeshi na wanamgambo wa Mai-Mai Malaika, na tumeona kesi za ardhi ya dhahabu. Mtu mwenye kamba na kaye anaweza kudhaniwa mpelelezi au mpimaji wa kampuni.
> Mwambie mwalimu na mkuu wa mtaa siku na mahali utakapopima. Nendeni mkiwa wawili au watatu.
> Usipige picha ya mtu mwenye silaha. Usipige picha ya yeyote bila ruhusa yake.
> Vitu vya jando na vya vyama vya wazee, kama bwami kwa Warega, vina wenyewe. Usiviige kabla hujauliza.

Sehemu ya nne: rangi na kitambaa

Tumia amerikani au gunia la mchele la kitambaa lililofuliwa. Tshibumba Kanda Matulu alichora historia nzima ya nchi hii miaka ya 1970 juu ya kitambaa cha magunia ya unga, na michoro yake sasa inatunzwa kwenye makumbusho.

Nyeusi ni makaa, nyeupe ni pemba, nyekundu na njano ni udongo. Udongo mbichi una mchanga, na mchanga utakukwaruza mchoro wote. Usafishe hivi: koroga viganja viwili vya udongo ndani ya nusu ndoo ya maji, hesabu hadi 20, mimina maji yenye rangi kwenye chombo kingine, acha uchafu uliotuama. Yale maji yaache usiku kucha. Asubuhi utakuta maji safi juu na tope laini chini, laini kama siagi, lisilosikika mchanga ukilisugua kati ya vidole. Hilo tope ndilo rangi yako.

Usichukue udongo wala maji mahali pa kuoshea dhahabu, wala kwenye mabaki ya mgodi. Zebaki hukaa kwenye tope kwa miaka mingi, na utalishika kwa mikono mitupu.

Gundi:

1. Koroga kijiko kimoja cha unga wa muhogo uliochekechwa kwenye maji baridi kidogo hadi madonge yaishe.
2. Mimina ndani ya vijiko saba vya maji yanayochemka, ukikoroga bila kuacha, hadi uji uwe mwangavu.
3. Upoe. Changanya uji kiasi sawa na tope la rangi.
4. Jaribu kwenye kipande cha pembeni, kikauke, kisugue. Rangi ikibaki kidoleni, ongeza uji. Ikipasuka, umezidisha.

Uji huu huchacha siku ya pili, kwa hiyo pika wa siku moja. Usichanganye rangi na mawese. Mawese hayakauki kamwe. Kitambaa kitabaki na mafuta, vumbi litakishika, na doa litaenea nje ya kila mstari. Nimeona kazi ya miezi mitatu ikiharibika hivyo kwa wiki moja.

Sasa hamisha vipimo. Kila mkono wa uwanjani uwe shibiri moja kwenye kitambaa, yaani umepunguza nusu. Weka nukta ya fimbo katikati, kisha mistari mitatu ya kivuli kwa rangi tatu. Mipaka ya sauti na sura haitatosha kwa kipimo hicho, ni mirefu mno. Ichoree kipimo chake, kwa mfano hatua kumi ziwe wanda moja, na uandike hivyo wazi. Mawe yako halisi ya mpakani unaweza kuyaweka chini mbele ya kitambaa.

Tabaka la wazee

Kivuli kinakupa mwaka. Miaka mingi utaipata kwa wazee, na wao hawatakutajia tarakimu. Watakutajia majina: wakati wa Waungwana, wakati wa Bula Matari, wakati wa Mulele, wakati wa Mobutu. Hata mahali pana majina hayo. Kasongo-Tongoni, palipokuwa mji wa Tippu Tip kabla ya majeshi ya Mbelgiji Dhanis kuuteka mwaka 1893, ni jina linalojieleza kwa Kiswahili: tongo ni makao yaliyohamwa.

Keti na mzee, mwombe akuonyeshe mahali pamoja tu na akuambie palikuwa na nini katika kila wakati anaoukumbuka au aliosimuliwa. Usimharakishe, na akisema hili usiliandike, funga kaye. Kila wakati uupe rangi yake, uipake nyembamba juu ya nyingine kwenye kona moja ya kitambaa, ya chini ionekane kwa mbali. Mgodi wa Namoya ulioanza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2016 utakuwa rangi ya juujuu, ungali mbichi.

Makosa ninayoyaona kila mwaka

Kubwa ni kusahihisha vipimo ili mchoro upendeze. Mwanafunzi anaona Desemba na Juni haviko sawa, anadhani amekosea, anavilinganisha. Hapo amefuta kitu pekee ambacho kazi yake ilikuwa inakijua. Siku ya mawingu iache wazi kwenye kitambaa, uandike "mawingu".

La pili ni kujaza. Kitambaa kikishakuwa na mistari mitatu, kona ya wazee na vipimo vya mipaka, mkono unawasha kuongeza jicho, bendera, dunia na mikono iliyofungwa minyororo. Uzuie.

Mengine ni madogo: kukunja kitambaa badala ya kukiviringisha, kukianika juani badala ya kivulini, kukiegemeza ukutani ambako mchwa wataufuata ule wanga wa muhogo.

> Kabla hujapeleka kazi, hakikisha:
> ☐ Kila mstari una tarehe na mahali.
> ☐ Umeandika mkono uliopimia ni wa nani, na una sentimita ngapi.
> ☐ Waliokusaidia wamekubali majina yao yaandikwe, au umeyaacha.
> ☐ Kamba ya kina imekunjwa vizuri, tayari kulazwa uwanjani.
> ☐ Mtu asiyejua lolote amekitazama kitambaa, nawe ukanyamaza hadi aulize.
> ☐ Maelezo yako yanatosha nusu ukurasa.

Siku ya kuonyesha, usianze na falsafa. Waambie prefe na wazazi: hapa ndipo kivuli kilipotea, siku fulani, saa fulani, nilikuwepo. Kisha wape kamba waitembee.

Fimbo unaweza kuikata leo. Tarehe 3 Oktoba, kabla ya saa sita, uwe umeshasimama uwanjani.